Mheshimiwa Waziri, Naomba Rafu Moja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,

Shikamoo. Huenda kwa umri mimi ndiye ningengoja kuamkiwa, lakini mbele ya dhamana uliyobeba naitoa shikamoo hii mwenyewe, kwa moyo mkunjufu, wala sioni nimepungukiwa na kitu.

Baada ya hapo nabisha hodi kwa heshima na taadhima. Naomba unisamehe kwa kukuandikia hadharani badala ya kupitia kwa maofisa wako, ambao nawaheshimu sana. Jambo lenyewe linawagusa wazazi wengi, nami nilipenda walisome pamoja nawe, wanisahihishe palipo na kosa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 31, na sasa naishi Ngamiani, Tanga. Mjukuu wangu ana banda la gemu katika chumba cha mbele cha nyumba yangu: luninga nne, PlayStation nne, pedi nane na mabenchi mawili. Najua, Mheshimiwa, kwamba maneno "banda la gemu" hayapendezi masikioni mwa watu wa elimu. Walimu wenzangu wamenilaumu, na hawakunionea. Wapo watoto waliotoroka shule wakaja kukaa kwangu. Ndiyo maana hapa kwetu mwenye sare haingii kabla ya saa kumi jioni, na Grand Theft Auto, ambayo walioitengeneza wenyewe hawakuikusudia watoto, mtoto haigusi.

Lakini nimekaa mlangoni mwa banda hilo miaka mitatu nikiuza maandazi, na niliyoyasikia humo ndiyo yaliyonipa ujasiri wa kukusumbua.

Siku moja kijana wa kidato cha pili alikuwa akicheza God of War, ile ya mwaka 2018, ambamo shujaa Kratos amehamia kwa miungu ya kaskazini mwa Ulaya. Alikuwa akipambana na mmoja wao, Baldur, akawa analalamika kwa sauti kwamba mtu huyu haumii, hachomeki, hafi. Nikamwambia, "Kila asiyekufa ana mahali pake pa kufia, mwanangu. Liyongo alikuwa na kitovu." Akasimamisha gemu. Liyongo ndiye nani?

Nikamweleza. Nilimsimulia habari za shujaa aliyefungwa gerezani, na mama yake akamwokea mikate: mizuri ya walinzi, na mmoja wa wishwa wa mfungwa, ambao hakuna mlinzi angeutamani, na ndani yake akaficha tupa. Nilimweleza jinsi Liyongo alivyokata minyororo ndani huku nje gungu likipigwa, ngoma ikaumeza mlio wa chuma. Nilimweleza habari za mwanawe aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme, akaenda kumdadisi baba yake ni kitu gani kiwezacho kumuua, kisha akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba usingizini. Na jinsi Liyongo alivyojikokota hadi kisimani, akapiga goti na upinde umevutwa, akafia papo hapo, na mji mzima ukakaa siku kadhaa bila maji kwa kuogopa maiti.

Nilipomaliza, hakuna luninga iliyokuwa ikichezwa. Kijana akaniuliza kama kuna kitabu. Nikampa utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913. Lugha yake ni Kiamu cha zamani, na nilidhani kitamshinda. Alirudi baada ya siku tisa na karatasi yenye maneno 64 asiyoyaelewa, tukakaa tukayapitia moja moja. Wiki mbili baadaye alimaliza na gemu yake pia, akaja mbio mlangoni: "Bibi, hata Baldur ana kitovu!" Kumbe kilichomvunjia kinga yake ni kimmea kidogo kiotacho juu ya miti mingine, kilichomchoma mkononi. Mmea huo huo ndio unaomuua na katika hadithi za kale za watu wa kaskazini. Mtoto huyo alikuwa ameziweka mezani hadithi mbili za bahari mbili na kuzilinganisha, kazi ambayo darasani niliwahi kuiomba miaka mingi na kuipata mara chache.

Tangu siku hiyo, Mheshimiwa, siwaambii tena vijana waache gemu wasome. Nawauliza kwanza wanacheza nini, kisha nakwenda kutafuta.

Kwa ruhusa yako nitaje baadhi ya vitabu nilivyovipata. Vingine ni vyetu, vingine binti yangu aliyeko Leicester ameniletea kwa Kiingereza.

Wengi wa wateja wetu ni wa mpira. Gemu yenyewe tangu mwaka 2023 imebadilishwa jina ikawa EA Sports FC, lakini hapa itaitwa FIFA mpaka mwisho wa dunia. Hawa nawapa kitabu cha Eduardo Galeano wa Uruguay kuhusu mpira wa miguu, kilichotoka mwaka 1995. Visa vyake ni vifupi, ukurasa mmoja au miwili, hivyo anayengoja zamu anamaliza kisa kimoja kabla ya mechi ya wenzake kwisha. Sijapata kitabu kingine kinacholingana na benchi la kungojea kama hiki.

Wadogo wanaojenga nyumba za matofali kwenye Minecraft nimewapa *Minecraft: The Island* cha Max Brooks, cha mwaka 2017: mtu amejikuta peke yake kwenye kisiwa ambacho kila kitu ni mraba, na anajifunza kuishi kwa kukosea. Kiingereza chake ni chepesi, na mtoto wa darasa la sita anayejua gemu tayari ana nusu ya msamiati.

Wapenzi wa ramani na hazina, wale wa Uncharted, wana *Mashimo ya Mfalme Sulemani* na *Kisiwa chenye Hazina*, vilivyotiwa katika Kiswahili mwaka 1929. Cha kwanza kinamtazama Mwafrika kwa jicho la mkoloni, kwa hiyo napenda kiwe na mtu mzima karibu. Wapenda mafumbo wana mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Wanaotaka majini na mji ambao watu wake wamegeuka mawe, Shaaban Robert aliwaandalia *Adili na Nduguze* mwaka 1952. Na kijana mmoja mkimya, anayependa gemu zisizompa maelekezo yoyote, nilimpa *Mzingile* cha Kezilahabi. Hajaniambia amekielewa. Amekiazima mara tatu.

Naomba nikae kidogo kwenye kitabu kimoja zaidi, kwa sababu ndicho kilichonifundisha mimi. Binti wa jirani, miaka 17, anacheza Stardew Valley kwenye simu: analima, anafuga, anavua samaki, anazungumza na majirani. Mama yake aliniuliza kuna nini cha kufurahisha katika kumwagilia mboga za uongo. Nikamletea binti *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza. Ni kitabu kinene, Mheshimiwa, na wanafunzi wangu wa zamani walikikwepa kwa sababu hiyo hiyo. Yeye alikipenda kwa unene wake. Ndani yake kuna Ukerewe nzima ya zamani: kulima, kuvua, kutengeneza pombe, kuchumbia, kutibu, kuzika, kila kazi kwa hatua zake. Yeye alikisoma kama anavyocheza, kidogo kidogo kila jioni.

Kisha nikamsomea sura moja ya *Blood, Sweat, and Pixels* cha Jason Schreier, cha mwaka 2017, inayoeleza Stardew Valley ilivyotengenezwa. Eric Barone aliifanya peke yake zaidi ya miaka minne: michoro, muziki, maneno, programu, hadi ikatoka mwaka 2016. Binti akanyamaza, halafu akauliza Kitereza alichukua muda gani. Alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945, nikamwambia, na kitabu kikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Alihesabu kwa vidole. Sasa anasema anataka kutengeneza gemu ya Ukerewe, na amenunua daftari.

Watu wazima nao wamo. Baba mmoja, dereva wa bodaboda, anacheza Tetris kwenye simu akingoja abiria. Nilimpa kitabu cha michoro cha Box Brown, cha mwaka 2016, kinachosimulia jinsi Alexey Pajitnov alivyoibuni Moscow mwaka 1984, na jinsi haki za gemu zilivyokuwa mikononi mwa dola hata yeye akaja kuanza kupata malipo yake mwaka 1996. Alikisoma kwa siku mbili na amekiongelea kijiweni mwezi mzima. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akilidharau banda nilimwazima riwaya ya Gabrielle Zevin ya mwaka 2022, ya marafiki wawili wanaotengeneza gemu pamoja tangu ujana hadi utu uzima. Ni ya watu wazima, ina mapenzi na msiba. Jina lake limechukuliwa kutoka kwenye *Macbeth*, tamthilia ambayo S. S. Mushi alituletea kwa Kiswahili mwaka 1968, na mwenzangu huyo aliwahi kuifundisha. Alirudisha riwaya na macho mekundu, hakusema neno juu ya gemu, akaomba nyingine.

Sasa nafika kwenye ombi, na naomba uniwie radhi kwa kukuzungusha.

Mwaka 1982 Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, walitoa kitabu kiitwacho *The Warlock of Firetop Mountain*. Ni hadithi iliyokatwa vipande 400. Msomaji ndiye shujaa: mwisho wa kipande anachagua njia, aende kulia au afungue mlango, na kila uamuzi unampeleka kwenye namba nyingine. Anahitaji penseli na dadu mbili tu, umeme hauhitaji. Umeme ulipokatika hapa usiku mmoja, vijana saba walikizunguka na taa ya chemli, mmoja akisoma na kufasiri, mmoja akirusha dadu, wengine wakigombania njia ya kufuata. Walikufa mara nne. Umeme uliporudi hakuna aliyenyanyuka.

Livingstone huyo baadaye aliongoza kampuni ya Eidos, iliyotoa Tomb Raider mwaka 1996. Na mwaka 2011, kwa ombi la serikali ya Uingereza, yeye na Alex Hope waliandika ripoti iliyohimiza watoto wafundishwe kutengeneza programu badala ya kuzitumia tu. Septemba 2014 somo la kompyuta la namna hiyo likaingia kwenye mtaala wa shule za Uingereza. Nalitaja hili kwa adabu kubwa, kwa kuwa wewe unayajua mambo ya mitaala kuliko mimi. Nimeona tu kwamba mawaziri wa kule walikubali kumsikiliza mtunga hadithi za dadu.

Ombi langu la kwanza, Mheshimiwa, ni rafu moja katika kila maktaba ya mkoa, yenye vitabu vya wacheza gemu wa umri wote, na chini ya kila kitabu kikaratasi kinachosema: kama unapenda gemu hii, anza hapa. Vitabu nilivyovitaja vimeshaandikwa. Kinachokosekana ni kikaratasi.

La pili ni kubwa kidogo. Kitabu cha kuchagua njia kwa Kiswahili sijakiona, na vijana wangu hukifasiri cha Kiingereza kwa mdomo, usiku baada ya usiku. Ningeomba wizara yako iwaalike waandishi wetu watunge kimoja cha hapa hapa. Mapango ya Amboni yako kilomita chache kutoka ninapoandika, yenye giza na njia panda za kutosha vipande 400. Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi nzima mabegani, alipata muda wa kumfasiri Shakespeare, na tarehe 9 Desemba 1967 akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam kwa mkono wake. Kwa hiyo sioni haya kumletea kiongozi jambo la vitabu vya hadithi.

Kwa upande wetu, fundi wa mtaani ametuchongea rafu ya mninga ukutani mwa banda. Ina vitabu 22 na daftari la kuazimia, na mwenye kitabu kilichopitisha siku hapewi pedi. Ukijaliwa kupita Tanga, tafadhali karibu, chai ipo, na vijana watakuonyesha wenyewe kwa furaha. Utenzi wa Liyongo hautakuwepo, maana uko kwa mtoto wa darasa la sita aliyeniahidi kuurudisha Jumamosi. Kwa hilo naomba radhi mapema.

Wako mtiifu, mwenye kukuombea kila la heri,

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga