Rambirambi za Kidole Gumba

Hapa Mlingotini, Bagamoyo, mtu akifa, wa kwanza kujua ni kijana aliyeko Mbagala. Mimi ninayeishi nyumba ya tatu kutoka kwa marehemu napata habari baadaye, tena kwa kulaumiwa. Simu inaita: "Shikamoo baba mdogo. Mbona sijaona pole yako kwenye kundi?" Pole yangu, mwanangu, iko makaburini inachimba, na jua limeshapanda.

Sina ugomvi na kundi la kijiji. Nina ugomvi na hesabu yake. Mwaka 2022 WhatsApp iliruhusu kundi moja lichukue watu 1,024, na sisi tukaichukulia kama amri. Wakaingizwa wajukuu walioko Dar, Tanga na Unguja, mpaka mpwa wangu wa Muscat aliyeondoka huku hajaota ndevu. Lakini siku ya msiba wanaobeba jeneza ni walewale, na mmoja wetu ana henia. Waliobaki wanatuma picha ya mikono iliyofumbwa. Juzi mtu alitangaza mbuzi wake kapotea, na kabla hajamaliza kueleza rangi yake, watu walishamwombea mbuzi yule alazwe mahali pema peponi.

Haki yao niwape: hela wanatuma. Sanda na chai ya matanga siku hizi hulipiwa kwa simu kabla ya adhuhuri, na zamani tulikuwa tunazunguka na kofia. Tatizo ni harusi. Katibu wa kamati hubandika orodha kila usiku: jina, ahadi, ulichotoa. Aliyelipa anawekewa tiki ya kijani. Asiyelipa anabaki mtupu mbele ya watu wa Muscat. Nimemwona mtu mzima, mwenye wajukuu, akikopa dukani ili tu apate tiki. Na kutoka kundini usithubutu. Simu yenyewe itamnong'oneza msimamizi wa kundi kwamba fulani katoka, na alasiri haijafika, mama yako ameshaulizwa nyumbani kwako kuna nini.

Habari nazo zinakuja kwa zamu. Tangu makubaliano ya bandari ya Bagamoyo yaliposainiwa Machi 2013, sisi tunaoishi karibu na Mbegani, ilikopangwa kujengwa, tumekuwa watu wa kusubiri. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema masharti yale hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Kati ya kauli hizo mbili na baada yake, kundi limeijenga bandari hiyo mara nyingi mno. Mtu anabandika picha ya meli kubwa, haisemi ni ya wapi, na kesho yake dalali amefika anauliza bei ya minazi yangu.

Mei 2024 kundi lilitufaa kweli. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya, ujumbe ukasambaa, ngalawa zikavutwa juu. Ndipo mabingwa wakaanza kutuma sauti zao za dakika nane kuhusu kimbunga cha pili, mkubwa wa Hidaya, anayekuja usiku. Hakuja. Kilichokuja, tarehe 12 mwezi huohuo, ni kukatika kwa nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, na mtandao ukazorota nchi nzima. Watu wakatoka vibarazani wakaanza kusalimiana. Jirani yangu mmoja alinitazama kwa mshangao akasema alidhani nimehamia Kerege.

Kinachonikera zaidi ya yote ni mikutano. Kina mama wanaolima mwani hawamo kundini. Wana kitochi, simu ndogo ya vitufe, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kisiingie maji ya chumvi. Bamvua likifika, maji yanatoka hadi chini kabisa mnamo saa nne asubuhi, nao wote wako shambani, wameinama, wanafunga mbegu kwenye kamba. Sasa sikiliza: tangazo la mkutano linawekwa kundini saa mbili, mkutano ni saa nne, siku ya bamvua! Wanarudi na magunia kichwani wanakuta jambo limeshaamuliwa, na wakiuliza wanaambiwa, "Lakini mlijulishwa." Walijulishwa vipi? Wakati huohuo mtu wa Sinza, ambaye hawezi kutofautisha mwani na majani ya bahari yanayotupwa na mawimbi, ameshachangia hoja tatu na kuweka kidole gumba.

Kijiji kinaendeshwa na waliokihama, na waliobaki wanapelekewa taarifa. Mimi sitaki kundi livunjwe; nani atalipia sanda? Ila viongozi, tafadhalini, mkutano uitwe wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa sana, na kipaza sauti kipite mitaani siku mbili kabla, kama zamani. Na wewe mpwa wangu wa Muscat, ukiona tangazo, usiweke kidole. Mpigie mama yako umwambie. Kitochi kile kinapokea simu vizuri tu.