Jinsi ya Kumkamata "Run" Bila Kukata Pumzi

Kwanza, vua viatu vya mbio. Huyu bwana "run", uliyemjua darasani kwa maana moja tu ya kukimbia, alipopitiwa upya kwa ajili ya toleo la tatu la Oxford English Dictionary alikutwa na maana 645 akiwa kitenzi. Amempiku "set", aliyetamba katika toleo la 1989 kwa maana 430 hivi. Kwa hiyo usimfukuze, atakuacha. Mvizie.

Mwingereza akikwambia pua ya mwanawe ina-run, usiende kuikinga mlangoni, mpe leso. Soksi nyembamba za bibi zikiwa na "run", zimefumuka uzi. Ukiombwa u-run maji ya kuoga, fungua bomba, basi. Lakini ukisikia kuna "run" kwenye benki, hapo ndipo watu wanakimbia kwelikweli, kuwahi akiba zao kabla benki haijafilisika.

Kwenye siasa shika kichwa. Marekani, anayetaka urais ana-run. Uingereza, anayetaka ubunge husimama: "stand". Kura ni zilezile, mmoja yuko mbioni, mwingine wima! Nenda kwenye kriketi uone makubwa zaidi: mpira ukibingirika hadi ukavuka mpaka wa uwanja, mpigaji huandikiwa "run" nne hata kama hakunyanyua mguu.

Usiseme Waingereza wameishiwa maneno. Sehemu kubwa ya mzigo huu ilitoka kwa wenye mashine. Saa, treni, injini, kiwanda, na sasa programu ya kompyuta, vyote vina-run. Kila chombo kipya kilipoingia, watu walimtwika bwana yuleyule, kwa kuwa alikuwa karibu na mwepesi mdomoni.

Sasa mbinu yenyewe. Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth alifundisha, katika maandishi yake ya 1957, kwamba neno hutambulika kwa maneno linayoandamana nayo. Mfuate. Usimwandike "run" peke yake daftarini. Mwandike na wenzake. "Run out of sugar", kuishiwa sukari. "Run into a friend", kukutana na rafiki bila kutazamia. "Run a shop", kuendesha duka. Ukimwona na "over" barabarani, kaa pembeni: kuna mtu kagongwa na gari.

Kazi hii unaiweza, maana umeshaifanya. Unajua kwamba mtu hula kiapo, hula njama, hula hasara, na kwamba mzee amekula chumvi nyingi, na hujawahi kuuliza nani kashiba. Hukupewa orodha, ulisikia watu wakisema.

Walimu wa Kiingereza, nawasihi: futeni ubaoni zile safu mbili za neno na tafsiri yake. Mpeni mtoto sentensi nzima, tangu darasa la kwanza.