Namna ya Kuandaa Harambee Isiyomwacha Mtoto Chini

Kabla hujachapisha kadi za mchango, kabla hujakodi hema wala kumtafuta mgeni rasmi, tazama mwezi. Hapa Luanda Kotieno, ufuoni mwa Ziwa Victoria, omena, wale dagaa wetu, huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mashua hurudi nyepesi, na mifuko nayo huwa myepesi. Kamati inayoita watu wiki hiyo itakusanya ahadi, na ahadi hailipi fundi wala daktari.

Tarehe ikipatikana, nenda kwa mama wa mtoto mwenye ulemavu mnayemchangia. Usiende na bei ya kiti cha magurudumu, nenda ukaulize. Huenda mtoto hahitaji kiti kabisa. Aliyezaliwa na mguu uliopinda kwa ndani hutibiwa kwa njia ya Ponseti: mguu hunyooshwa polepole kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, wiki kadhaa mfululizo. Wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, baadaye wakiwa wamelala tu, hadi umri wa miaka 4 au 5. Kinachomshinda mama hapo ni nauli ya kliniki kule Kisumu, kwenda na kurudi, na gorogoro, yaani makopo ya kupimia, za omena ambazo hakuuza siku hiyo. Basi nauli iandikwe juu kabisa ya bajeti, hata kama haina picha ya kupiga.

Kama ni kiti kweli, mtoto apimwe kwanza: upana wa nyonga, urefu wa paja, mgongo unavyokaa. Kiti cha mtu mzima alichotoa mfadhili kwa moyo safi kinaweza kumpinda mtoto uti wa mgongo, na kukaa bila mto unaofaa huleta vidonda vya makalioni. Tazama pia ardhi. Vile vigurudumu vidogo vya mbele vya viti vya hospitali huzama mchangani hatua chache kutoka mlangoni; huku kwetu kinachofaa ni kiti cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa mbali na miguu. APDK, chama kinachohudumia wenye ulemavu wa viungo tangu 1958, hutengeneza viti humu humu nchini, kwa hiyo waulizeni wao kabla ya kuagiza ng'ambo. Na mtoto hukua! Tengeni fedha za kiti cha pili tangu leo. Msaidieni mama pia kumwandikisha mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, apate kuomba msaada wa vifaa kama raia mwenye haki.

Siku yenyewe, mgeni rasmi asiwasumbue. Julai 2024 Rais William Ruto alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Chukueni nafasi hiyo mkae bila hotuba ndefu. Maikrofoni ina kazi bora. Wajaluo tuna pakruok: mtu hulipa ili ajisifu, amsifu mkewe, aseme yeye ni mwana wa nani. Nafasi hiyo iuzwe, na iuzwe ghali. Jogoo naye anadiwe. Anayeshinda amrudishe anadiwe tena, hata mara sita, maadamu kila mara fedha inaonekana mezani.

Mtoto asipandishwe jukwaani aonyeshe miguu. Akitaka kuja, akae na wenzake, anywe soda. Atasoma na watoto hao, na baadhi watakumbuka siku hiyo maisha yao yote.

Fedha zishikwe na mama mchuuzi ambaye wavuvi humkopesha samaki bila maandishi. Mtu huyo yupo katika kila ufuo na kila mtu anamjua. Hesabu ibandikwe ofisi ya BMU, kamati inayosimamia ufuo, ndani ya wiki moja: kilichoingia, kilichotoka, nani bado anadaiwa ahadi yake. Mwenye deni asomwe jina, hata akiwa shemeji yako. Kama mtoto anasoma bweni, tuseme Joyland, shule ya watoto wenye ulemavu kule Kisumu, mahitaji yatarudi kila muhula, kwa hiyo kamati isivunjwe jioni ya harambee.

Na wewe unayesoma haya, kama jirani yako anampeleka mtoto kliniki wiki hii, usingoje kadi ya mchango. Mpelekee nauli leo.