Sifa za Mathenge, Mgeni Asiyebeba Barua ya Chifu

Siku hizi anayesifiwa ni mwenye gari, na msifu harudi nyumbani mikono mitupu. Mimi nimeamua kumsifu asiye na cha kunipa ila miiba. Namsifu Mathenge, ule mti ambao Waturkana wanauita etirae na wataalamu wa mimea Prosopis juliflora; uliofunga mapito ya mbuzi, ukatoboa matairi, ukafikishwa mahakamani na hatimaye ukatangazwa adui na serikali. Wenye kusonya na wasonye. Wakichoka, wakae kivulini nimalizie, na kwa mji huu wa Lodwar huenda hata kivuli hicho ni chake.

Namsifu hasa kwa ajili ya kijana wa Kapedo anayefunga begi aende Lodwar peke yake. Huyo hakosi. Amemaliza kidato cha nne. Maporomoko ya maji moto ya Kapedo yanapendeza kwenye picha, lakini hayaajiri mtu. Mpaka wa Turkana na Baringo haulali usingizi mzito; mwaka 2014 askari polisi waliviziwa huko wakauawa, na mzazi mwenye pa kumpeleka mtoto hangoji aambiwe mara mbili. Basi barabara ikitulia, kijana anadandia lori: Lomelo, Lokori, Lokichar, mpaka Lodwar. Wazee wamemjaza mawaidha. Mche Mungu. Usikope. Ukifika, mtafute mjomba wako. Anafika, na simu ya mjomba haipatikani. Hapo ndipo ninapomkabidhi kwa mwalimu asiyehitaji kupigiwa simu, kwa maana amesimama kando ya kila njia.

Tuanze na ukoo, kama ada ya sifa inavyotaka. Mathenge si mzaliwa wa hapa. Kwao ni Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Kumbukumbu za kwanza za kufika kwake Kenya ni za mwaka 1973, mbegu zilipoletwa kutoka Brazil na Hawaii zikapandwa Bamburi, karibu na Mombasa, kwenye machimbo ya mawe yaliyokwisha kuchimbwa. Somo la kwanza ni hili, itazame kazi aliyopewa: aote juu ya mwamba ulioachwa, penye chumvi, pasipo na udongo wa kusema. Kila mgeni wa mjini huanzia papo hapo. Kuna kulinda duka la mtu usiku kucha, kuna kusukuma mkokoteni wa maji, kuna kusugua sufuria za hoteli. Wenyeji wamezikataa kazi hizo, na mji unazihifadhi mpaka mgeni ashuke kwenye lori. Mathenge hakuuliza mshahara ni ngapi. Aliota.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akapelekwa Baringo, Tana River na Turkana. Ukame ulikuwa umeua mifugo, kuni zilikuwa zinaadimika, na serikali na wafadhili wakaafikiana kwamba dawa ni yeye. Likumbuke hilo kila unaposikia akiitwa mvamizi. Hakuruka ua wa mtu. Alitolewa kitaluni na maofisa na kupandwa na watu waliolipwa chakula cha msaada. Alialikwa, na waliomwalika walipowasha magari yao wakaondoka, yeye akabaki. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyomwambia. Hakuna aliyemtajia siku ya kurudi kwao.

Miaka hiyohiyo wafadhili kutoka Norwei walijenga Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki. Huyo naye alikuwa mgeni, tena mgeni wa hadhi, mwenye fedha, wahandisi na mitambo. Hakukaa. Kugandisha samaki kwenye joto la Turkana kulitaka umeme na maji safi kwa gharama ambayo samaki wenyewe hawakuweza kuilipa, kisha ghuba iliyotegemewa ikakauka. Mathenge alikuja na mbegu tu. Kijana wa Kapedo, angalia leo nani kati ya hao wawili angali anazaa, halafu upunguze kulilia mtaji.

Somo la pili ni usafiri. Mathenge hana nauli. Maganda yake ni matamu, na mbuzi huyakuta chini wakati kiangazi kimekwisha kumaliza majani. Mbuzi anayala, anatembea kutwa, anaangusha kinyesi mbali na alipolia, na mbegu inatua ikiwa na mbolea yake. Tena kupita tumboni kunalainisha lile gamba gumu, ikawahi kuota kuliko mbegu isiyomezwa. Wako vijana hapa wanaosema maisha yao yataanza siku watakapopata tiketi ya ndege ya Nairobi. Mathenge alipanda alichokipata, akashukia kinyesini, na papo hapo akaanza kazi.

Somo la tatu ni mizizi. Mche wake ukiuona juu ya mchanga ni kitu cha magotini, unaweza kuudharau. Lakini wakati wewe unaudharau, wenyewe unashuka. Mwaka 1960, kwenye mgodi karibu na Tucson, Arizona, mzizi wa mti wa jamii yake ulikutwa umefika zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Mjini watu hufanya kinyume. Nimewaona watu mtaani Nakwamekwi wakihamia chumba cha mabati na televisheni pana kuliko mlango, sofa la mkopo, na hawamjui hata jirani wa ukuta mmoja. Kodi ikichelewa, mwenye nyumba anatia kufuli, na hakuna wa kuwasemea. Kando yao anakaa mtu aliyekuja na godoro. Huyo alianza kwa kumjua mama wa duka anayekopesha unga, mwenye mfereji wa maji, mweka hazina wa chama, mzee wa kanisa. Juu haonekani. Jaribu kumng'oa uone.

Na kukatwa atakatwa, maana Lodwar inakata. Mathenge anakatwa kila siku kwa panga na shoka, na mvua moja ikinyesha kisiki kinachipua matawi mengi kuliko yaliyokatwa. Waliopambana naye wanajua kwamba usipochimba ukamkata chini ya udongo, umempunguzia nywele tu.

Sifa ya nne ni kwamba hana karatasi. Hili lina uzito katika nchi hii ya Turkana. Wakati wa ukoloni ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mtu wa nje aliingia kwa kibali. Jomo Kenyatta aliletwa Lodwar mwaka 1959 kutoka gereza la Lokitaung, akawekwa hapa chini ya ulinzi mpaka 1961. Mwenzetu huyo hakuja kutafuta maisha. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan, ikakua ikapokea Wasomali, Wakongo, Warundi na Waethiopia, mkimbizi aliyetaka kutoka kambini aliambiwa kwanza atafute kibali cha safari. Kijana wa Kapedo mwenyewe, raia kamili, anashushwa kwenye kizuizi aonyeshe kitambulisho, na kitambulisho chenyewe kilitaka barua ya chifu. Mathenge amevuka mto Tarach, ameingia Kakuma, ametoka Kakuma, amesimama Kalobeyei na kwenye uzio wa ofisi zenyewe zinazotoa vibali. Hajawahi kupigwa muhuri.

Sasa mashtaka, kwani sifa isiyojibu mashtaka ni tangazo la biashara.

La kwanza ni miiba. Nenda asubuhi kwa fundi yeyote wa pancha hapa mjini. Amechuchumaa, tyubu ya pikipiki ameizamisha kwenye beseni la maji, anaizungusha polepole mpaka mapovu yatokee. Anatia alama. Kisha anarudi kwenye tairi, anapapasa ndani kwa vidole, anasita, anachukua koleo, anavuta. Unatoka mwiba mmoja ulionyooka, mgumu, ambao umepenya mpira wote na haukupinda. Anautazama kidogo, halafu anautupa barabarani, palepale pikipiki zinapopita. Mwenye pikipiki analipa, anamlaani Mathenge, anaondoka. Fundi hamlaani. Ana watoto watatu shuleni.

La pili ni mbuzi. Hili lilifika mbali. Mwaka 2006 wananchi wa Ng'ambo, karibu na Marigat huko Baringo, waliishtaki serikali kwa kuwaletea mti huu, wakampeleka Nairobi mbuzi asiye na meno awe kielelezo. Mbuzi wakishinda kwenye yale maganda, mbegu hukwama katikati ya meno na sukari hufanya kazi yake, mwisho meno yanang'oka na mnyama anakufa njaa akiwa mbele ya chakula. Sikatai. Nauliza tu: kabla ya Mathenge, ni nani aliyewahi kuwafanya waheshimiwa wa Nairobi wachungulie mdomoni mwa mbuzi wa Marigat? Mwaka 2008 serikali ileile iliyomleta ikamtangaza kuwa gugu hatari. Hakukata rufaa. Aliendelea kuota.

La tatu ni mbu. Watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya Mali walitoa taarifa mwaka 2017 kwamba walipokata maua ya mti huu, mbu walipungua, kwa sababu mbu wanaishi kwa utamu wa maua hayo. Huo ni ukarimu uliopita kiasi, nakubali. Lakini mgeni asiyenyima hata mbu utamlaumuje kwa uchoyo?

Nije kwenye sifa ninayoitaja bila kucheka. Kandokando ya mto Turkwel miti ina wenyewe. Waturkana wana ekwar, yaani sehemu ya ukingo wa mto ambayo miti yake ni ya familia fulani: maganda ya ewoi, mgunga ule wa kivuli kipana, yanaliwa na mbuzi wa familia hiyo kiangazi, na mtu baki hawezi kuja na shoka lake akaondoka salama. Ni utaratibu wa busara uliolinda mto kwa vizazi. Lakini kijana wa Kapedo hana ekwar Lodwar. Hana mama aliyeolewa Kanamkemer, hana babu aliyezikwa Napetet. Kila ewoi anayoiona ina mwenyewe.

Mathenge hana mwenyewe. Hakuna mzee atakayetoka na fimbo kumtetea, na ndiyo maana asiye na mtu mjini ana cha kushika. Mwanamke aliyepoteza mifugo anaingia kichakani na panga, anakata, anapanga magogo, anayafukia kwa udongo, analinda moshi usiku na mchana, kisha anasimama barabarani na magunia yake. Mjini makaa yale yanauzwa kwa kopo la kasuku kwa mwenye chumba kimoja ambaye hamudu gunia. Kakuma, mkimbizi amekatazwa kwenda porini kukata kuni, basi mwanamke wa Kiturkana anamletea mlangoni, kwa pesa au kwa mahindi ya mgao. Humo kambini ugali wa Msudani Kusini, anjera ya Msomali na fufu ya Mkongo vinaivia juu ya mti wa Amerika uliochomwa na Mturkana, na hakuna mkutano wa utangamano ulioitishwa ili jambo hilo litokee.

Mzee mwenye ekwar ana haki yake ya kulaani. Mathenge amejaa kwenye ukingo uleule, amenywa maji ya ewoi, amefunga njia ya mbuzi kwenda mtoni, na hasara hiyo haifidiwi na kasuku ya makaa. Namwachia laana yake yote. Ila nimemsikia akimlaani jioni, chai ikichemka, na kilichoichemsha nilikijua kwa harufu.

Imebaki sifa ya mwisho, ile inayokamilisha uenyeji wake. Mathenge akishakomaa na kushikana matawi na wenzake, chini yake nyasi haziendelei. Kivuli, mizizi na majani yanayodondoka vinalisimamia hilo bila likizo. Wafugaji wanaiona ni kasoro. Mimi nimekaa Lodwar. Mji umefura tangu kaunti ilipoanza mwaka 2013, na nimepanga foleni kwenye milango ambayo nyuma yake ameketi mtu aliyeshuka hapa zamani na begi moja, akalala kwa watu, akalishwa na mji. Leo akimwona kijana mwenye begi moja anamwita bawabu. Kwa hiyo tuache kumwita Mathenge mgeni. Alikuja bila kitu, akavumilia matusi, akawapikia waliomtukana, na sasa anahakikisha hapana mwingine atakayechipua karibu naye. Huo ndio uenyeji kamili. Somo hilo la mwisho sina haja ya kumfundisha kijana wa Kapedo. Waliomtangulia watamfundisha kabla hajapata chumba.