Tulipokwenda Shamba, Uingereza

Jumatatu ya mwisho ya Mei Uingereza hupumzika. Ni sikukuu isiyo na mtume wala shujaa. Inaitwa sikukuu ya benki, basi, na ukiuliza benki zimefanya jema gani unaonekana mkorofi. Kazi yake ni kurefusha wikendi, na wikendi ikirefuka watu wote hutoka mjini saa ile ile kwa barabara ile ile. Ukitaka kujua Waingereza wana subira kiasi gani, panda nao M4 kuelekea magharibi asubuhi ya Jumamosi hiyo. Hakuna honi. Hakuna muuza karanga wala maji baridi. Magari yamesimama, na kila mtu anatazama mbele kimya kama yuko kwenye swala ya maiti.

Tulikuwa wanne, wakazi wa Reading. Shemeji, Msukuma wa Magu, aliwahi kuendesha malori ya Dar hadi Tunduma na kwa hiyo hashauriki. Da Mkubwa wa Tanga alipakia hotipoti ya pilau, ndoo ya maandazi na chupa ya chai kabla hajakumbuka nguo. Mpwa ni mzaliwa wa huku huku, akakabidhiwa ramani ya kwenye simu. Mimi nilikuwa mlipaji wa mafuta. Tulikuwa tumeagiza gari la kukodi, dogo, la kijivu. Tulipokwenda kulichukua, la kijivu halikuwapo, tukapewa la njano. Njano ile inayoonekana usiku bila taa. Da Mkubwa akasema heri, angalau hatutapotezana nalo kwenye maegesho.

Mtihani wa kwanza ulikuwa Swindon. Pale kuna kipilefti kilichojengwa mwaka 1972, ambacho kwa kweli ni vipilefti vidogo vitano vilivyozunguka kimoja cha katikati. Vile vidogo unavizunguka kama kawaida, kwa mwelekeo wa saa. Cha katikati magari yanakizunguka kinyume. Wenyewe wanakiita Magic Roundabout, na jina hilo wameliandika hadi kwenye kibao, pengine ili mtu akipotea asiseme hakuonywa.

"Kipilefti ni kipilefti," alisema Shemeji, akaingia.

"Kushoto, Anko. Sasa kulia. Sasa… Anko, umeshapita."

Tulitoka kwa barabara ile ile tuliyoingilia. Tukageuza, tukaingia tena, Da Mkubwa akaanza Ayatul Kursiy kwa sauti, na safari hii tukatokea upande wa uwanja wa mpira, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na shida napo. Magari mengine yalikuwa yanapishana na sisi kwa upole, madereva wake hata hawakunji uso. Shemeji alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kuwa mlima Kitonga una kona nyingi, kweli, lakini zote zinaelekea Iringa.

Baada ya hapo ndipo shamba linaanza: vilima vya Cotswolds, kondoo, kuta za mawe, na vijiji vya rangi ya asali vilivyojengwa kwa fedha za sufu tangu enzi za kati. Nakiri ni pazuri. Tatizo la uzuri wa aina hii ni kwamba una wenyewe. Chukua Bibury. William Morris alikisifu kuwa kijiji kizuri kuliko vyote Uingereza, na tangu hapo hakijapumzika. Watu wanakuja kwa mabasi kupiga picha za Arlington Row, mstari wa nyumba ndogo za mawe zilizokuwa za wafuma nguo katika karne ya 17. Ndani yake wanaishi watu, wanapika, wanatoa taka, huku mgeni amebandika pua dirishani.

Sasa, mzee mmoja mkazi wa pale alikuwa na kigari cha njano. Akikiegesha karibu na nyumba hizo, wapiga picha wakalalamika kuwa kinawaharibia mandhari. Mwaka 2017 mtu asiyejulikana akakivunja vioo na kukikwaruza. Wenye magari ya njano kutoka kila upande wakafunga msafara hadi Bibury kumuunga mkono mzee. Habari hii yote Mpwa alitusomea kwenye simu wakati Shemeji tayari ameshazima injini, gari letu la njano likiwa katikati kabisa ya picha za watu wapatao arobaini.

Hakuna aliyesema neno. Walishusha simu zao tu, wakatutazama. Bwana mmoja mwenye kamera shingoni akatabasamu na kutuuliza kama tutakaa sana. Huko kwetu ungeambiwa, "Wee, toa mkweche wako hapo!" na mngemalizana. Tabasamu lile lilitufukuza kwa kasi kuliko tusi.

Njaa ikatuingiza kwenye baa ya kijiji, ambayo ni hoteli ya chakula pia, yenye moto wa kuni na mbwa amelala mlangoni. Jiko hufungwa saa nane na nusu. Tulifika saa tisa kasorobo. Mhudumu alisikitika kutoka moyoni. Alisikitika kiasi kwamba Da Mkubwa alitaka kumbembeleza. Lakini jiko limefungwa, na kilichobaki ni krispi za pakiti. Mama ntilie yeyote wa Korogwe angekwangua sufuria akupatie hata ukoko. Tukarudi kwenye gari, tukafungua buti, na hotipoti ikafunguliwa. Harufu ya bizari na mdalasini ikatembea kijiji kizima. Mbwa wa mlangoni aliamka, akaja mwenyewe.

Barabara za ndani ndizo zilizotupa kazi. Zinapita katikati ya nyua za miti zilizokwenda juu kuliko gari, upana wake ni gari moja na aibu kidogo, na bado mwanzoni kuna kibao cheupe chenye mstari mweusi wa mshazari, maana yake unaruhusiwa maili 60 kwa saa. Ni kama kilomita 96. Mwenye kuujaribu mwendo huo pale ameshaandika wosia.

Tukakutana uso kwa uso na kigari cha bibi mmoja mwenye mvi. Alisimama kwenye kile kipenyo kilichoachwa cha kupishana, akatuwashia taa mara mbili. Kitabu cha sheria za barabarani kinasema taa ni za kumjulisha mwenzio kuwa upo, basi, lakini wenyeji wanazitumia kusema: pita wewe. Shemeji alizisoma kama zinavyosomwa kwetu.

"Trafiki wako mbele," akasema, akapunguza mwendo hadi akasimama. "Fungeni mikanda. Leseni yangu iko wapi?"

Bibi akawasha tena.

"Wako wengi!"

Tukakaa. Bibi naye akakaa. Nyuma yake likaja trekta, likakaa. Mwishowe bibi akashuka, akatembea taratibu hadi dirishani kwetu, akauliza kama tuko salama na kama tungependa ampigie mtu simu.

Jumapili ilikuwa ya kutembea kwa miguu. Wana haki moja ninayowaonea wivu: vijia vya umma vinakatiza mashamba ya watu, zaidi ya kilomita 200,000 kwa England na Wales, na mwenye shamba hana ubavu wa kukuzuia. Ng'ombe wake hawajaambiwa. Walianza kutufuata mitamba kama ishirini, wanene, wametukodolea macho. Shemeji akatuambia tutulie, yeye amekua na ng'ombe. Akapiga mluzi, akawasemesha. Mitamba wakaongeza mwendo. Wa kwanza kuruka ua alikuwa Shemeji mwenyewe, na kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. "Hawa hawajui Kisukuma," alituambia kutoka ng'ambo.

Jumatatu tukaenda Cooper's Hill, karibu na Gloucester, ambako kila mwaka siku hiyo watu wanakimbiza jibini. Gurudumu la jibini la kama kilo tatu linaviringishwa kutoka juu ya mteremko ambao mtu hawezi kuushuka wima, na vijana wanajitupa nyuma yake. Hawalishiki. Anayefika chini kwanza ndiye anayepewa. Chini wamejipanga wacheza raga wa kudaka miili. Mwaka 2023 mshindi wa wanawake, binti wa Canada, alijigonga kichwa akavuka mstari hana fahamu. Habari za ushindi alizipata kwenye hema la matibabu.

Wakashuka, wakipinduka mzigo mzigo, matako juu. Watu wale wale wa kukupisha njiani na kukuuliza kama utakaa sana! Kijana mmoja akatua karibu nasi, kiwiko kinachuruzika damu, anacheka. Da Mkubwa akamfungulia ndoo ya maandazi, akampa mawili na kitambaa cha kujifutia, kisha akamkazia macho.

"Mwanangu, mama yako anajua uko hapa?"

Mpwa akatafsiri. Kijana akameza andazi, akanyoosha mkono ule mzima kuelekea juu ya kilima. Mama yake alikuwa amepanga foleni, anasubiri mbio za wanawake.