Sifa za Kompyuta Inayowaka Ikipenda

Hitilafu ya kudumu haina adabu. Pawa saplai ikiungua hutoa moshi, hunuka nyumba nzima, na hata mtoto wa darasa la tatu anajua pa kunyooshea kidole. Unanunua nyingine, unakaza skrubu nne, basi. Hakuna aliyejifunza kitu. Sifa ninazozimwaga hapa ni za ndugu yake mwenye malezi: ile inayoingia katika kompyuta ya mezani uliyoiunga kwa mikono yako, ikaifanya iwake Jumatatu, Jumanne izungushe feni mara moja na kunyamaza, Jumatano iwake tena bila hata kukuomba radhi. Watu huitukana sana. Shida yake ni moja tu, haijapata wakili.

Tazama kwanza inavyowaheshimu mafundi. Nyumbani imegoma tangu alfajiri. Unaipakia kwenye bodaboda, unaifikisha kwa fundi, anaichomeka, inawaka. Anaizima, anaiwasha, inawaka. Anakutazama kwa huruma na kukuuliza kama ulikumbuka kuwasha swichi ya ukutani. Jino nalo huacha kuuma ukishakaa kwenye benchi la daktari, na hatujawahi kulisusa. Wenye haraka huona hiyo ni fedheha, kumbe mashine imetoka kutoa ushahidi mzito kuliko wote: njiani imetikiswa, na huenda ramu iliyokaa upande imerudi mahali pake, imepigwa jua, imechomekwa kwenye soketi nyingine, kwa waya mwingine, mbali na ile ekstensheni ya nyumbani inayolisha pia friji na pasi. Fundi anayeijua kazi hakuulizi imefanya nini. Anakuuliza imepitia wapi.

Pili, ni mwalimu, tena asiyedai ada mapema. Aliyenunua kompyuta iliyokamilika huishi na kufa akiamini kwamba kitufe cha mbele ndicho kinachowasha mashine. Hitilafu yetu haikubali ujinga huo ukae. Itakufundisha kwamba kitufe kinapeleka ombi tu. Kwa muundo wa ATX, uliotolewa na Intel mwaka 1995 na ambao bado tunao, kitufe hugusanisha pini mbili za mazabodi. Mazabodi nayo huushusha waya wa kijani karibu na volti sifuri, na hapo ndipo pawa saplai inapoamka. Ikiamka haitoi ruhusa papo hapo. Hujipima kwanza, na volti zikitulia husubiri kati ya milisekunde 100 na 500 kabla ya kupeleka habari njema kwa waya wa kijivu. Ruhusa hiyo isipofika, prosesa haianzi kazi, hata feni zizunguke namna gani. (Siku hizi watengenezaji wengi huzivika nyaya zote rangi nyeusi. Nadhani wamechoka kuulizwa maswali.)

Basi mashine inayozungusha feni mara moja na kunyamaza imekupa sentensi kamili, na sentensi hiyo ina maana mbili. Ama pawa saplai imechoka, inafika kwenye ruhusa ikichechemea, ama imeona shoti mahali fulani na ikajizima kwa makusudi ili kukuokolea mali. Utachukua mita, upime waya wa njano, usome volti 12.1, na kufurahi, kwa kuwa kanuni inaruhusu chochote kati ya 11.4 na 12.6. Furaha hiyo ni ya bure. Volti inaweza kudondoka kwa milisekunde chache tu wakati wa kuwaka, na mita ya kawaida ni nzito mno kuiona. Ni hitilafu gani nyingine inayoweza kumfundisha mtu unyenyekevu mbele ya chombo chake mwenyewe?

Wakati huohuo nyumba nzima imeamka. Jirani, ambaye hajawahi kufungua kasha la kompyuta, anasema ni virusi. Mashine haijafika hata kusoma diski, lakini virusi lazima. Shangazi anasema ni husuda, tangu watu walipoiona ikipita na taa zake za rangi. Nadharia ya shangazi naiheshimu zaidi, maana haimgharimu mtu pawa saplai mpya. Kaka mkubwa anapiga kasha kofi, inawaka, na kuanzia hapo yeye ndiye mtaalamu wa ukoo.

Kofi la kaka, kwa kweli, si la kudharau. Linataja kundi zima la watuhumiwa: vitu vinavyogusa bila kukaza. Ramu ambayo kilimi chake hakikulia. Plagi ya pini nane ya kulisha prosesa, iliyoingia nusu kwa sababu mkono haukupita nyuma ya feni. Na kile kiguu kidogo cha shaba kilichosahaulika chini ya mazabodi mahali ambapo hapana tundu, kikakaa kimya kikigusa risasi ya nyuma ya ubao kila meza inaposogezwa. Mmiliki amekwishanunua pawa saplai, ramu na betri ya saa, na kiguu bado kipo, kinangoja pasi iwekwe juu ya meza. Hata kitufe chenyewe hakitiliwi shaka, ingawa kukijaribu ni bure: ng'oa waya wake, gusa zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi, na kama mashine inawaka kila mara kwa bisibisi, umeshamjua mhalifu.

Lakini heshima yangu ya juu kabisa naiweka kwa ile inayogoma kwa baridi. Dar es Salaam hatuna bahati nayo sana. Ni neema ya watu wa Njombe, Makete na Mafinga, mwezi wa Juni na Julai. Kapasita za majimaji zikizeeka hukauka ndani, ukinzani wake wa ndani hupanda, na baridi huupandisha zaidi. Asubuhi mashine inakataa. Unajaribu tena, inakataa, lakini kila jaribio limeipasha joto kidogo, na jaribio la nne au la tano inawaka na kushinda siku nzima bila kosa. Mwenyewe anaapa kwamba ni ule mtindo wake wa kubonyeza na kuhesabu hadi tatu. Dawa ya kuthibitisha inajulikana kwa mafundi: draya ya nywele, kwa mbali, ukielekeza hewa ya moto sehemu moja moja ya ubao, au kwenye tundu za pawa saplai, huku umeme umechomolewa. Sehemu ambayo ikipata joto mashine inawaka mara ya kwanza, ndiyo yenye siri. Wanaume ambao hawajawahi kuuliza draya ya mke wao inawekwa wapi, sasa wanajua.

Sitaficha kwamba anahukumu vikali, huyu mwalimu. Anachukia haraka. Ukibadilisha ramu, betri na waya kwa pamoja, atakuadhibu kwa kuwaka, nawe utabaki na mashine inayofanya kazi na kichwa kisichojua kwa nini, hadi wiki ya tatu. Anataka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anataka mazabodi itolewe kwenye kasha, ilazwe juu ya boksi lake la karatasi ikiwa na prosesa, feni na ramu moja, basi, kisha virudishwe kimoja kimoja. Anataka utazame zile taa ndogo nne pembeni ya ubao, za prosesa, ramu, kadi ya picha na diski, uone ipi ilibaki ikiwaka, na uandike. Watu wasioandika hata deni la duka hujikuta na daftari lenye tarehe, saa na hali ya hewa.

Na tusimsingizie. Kompyuta mpya ya ramu za DDR5 inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa inapowashwa mara ya kwanza, kwa kuwa mazabodi inapatana na ramu juu ya mwendo wa kwenda nao. Mwenyewe huvumilia sekunde 40, huzima, huwasha, na mapatano huanza upya. Hapo mashine ni nzima.

Sokoni nako hitilafu hii inalinda ukweli. Muuzaji wa mashine iliyotumika akisema "inawaka hiyo", hajadanganya.

Iliyobaki ni sifa ambayo wapinzani wake hawaijibu: haikubali kutangazwa imepona. Tuseme inagoma mara moja katika kila kumi. Umekaza ramu, umeiwasha mara kumi, haikugoma, umeita watu. Hesabu inasema mashine ambayo haijaguswa kabisa ingefaulu mtihani huohuo mara 35 hivi katika kila 100. Ukitaka bahati hiyo ishuke chini ya 5 katika 100, ni lazima uiwashe mara 29 bila kukosa hata moja. Na kama ni ile ya Njombe, kuiwasha mara 29 mfululizo hakusaidii, maana baada ya mara ya kwanza imeshapata joto. Ni asubuhi 29, kitufe kikibonyezwa kabla ya chai. Asubuhi ambayo umeme ulikatika haihesabiwi.