Viti 18 vya Kwenda Nkanka

Kilichotuponza ni viti. Mke wangu alitaka jambo dogo tu: siku moja ya likizo, sisi na watoto, kando ya Ziwa Kivu, mahali pasipo na baa wala spika wala jirani wa kuchungulia tumepika nini. Mwalimu mwenzake alikuwa amemsimulia ghuba moja upande wa Nkanka, chini ya mashamba ya kahawa, ambako gari linaishia juu na mtu anateremka kwa miguu. Mchanga wenyewe kidogo, alisema, lakini maji masafi na watu hakuna.

Sisi wa Rwimbogo ni watu wa mto. Rusizi inapita bondeni, ng'ambo yake ni milima ya Kongo, na ziwa ambamo mto huo unatoka tunalisikia zaidi kuliko tunavyoliona. Kulifikia ni kupanda gari la kwenda Kamembe, kushuka mjini, kisha kutafuta pikipiki. Ukiwa na watoto wanne, sufuria na jeri la maji, hesabu ya pikipiki haikubali. Nikaenda kuulizia kukodi twegerane nzima, lile basi dogo la abiria. Dereva akataja bei. Mke wangu akaigawanya kwa sita, akanyamaza. Akaigawanya kwa 18, ndiyo idadi ya viti, akatabasamu. Tangu hapo faragha yetu ikawa inauzwa kiti kimoja kimoja.

Wa kwanza alikuwa mama mkwe. Hakualikwa, aliarifiwa, na kwa mama mkwe hayo mawili ni jambo moja. Shangazi yangu wa Bugarama aliposikia kwamba upande wa mke unakwenda ziwani na upande wa mume haukuambiwa, alifika kesho yake asubuhi na mfuko wa mchele wa kwao, akaketi, akasema, "Mwanangu, nasikia nyumba hii imeanza kuwa na ndugu na wasio ndugu." Akapata kiti, na binti zake wawili wakapata viti. Jirani aliyetuazima sufuria kubwa akaja pamoja na sufuria yake. Mpaka mwisho wa juma ile orodha iliyobandikwa mlangoni mwa jiko ilikuwa na watu ambao mimi sikuwahi kuwasalimia.

Kisha ikaja kazi ya kutafuta siku. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji. Magari hayatembei mpaka saa tano asubuhi, na baada ya majembe kuna mkutano. Jumamosi nyingine zote ni za mama mkwe, Msabato asiyecheza na Sabato. Jumapili ni ya mke wangu, ambaye aliolewa akiwa Mkatoliki na hajawahi kukosa misa. Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni Umuganura, sherehe ya mavuno, na familia inayokwenda kulia mavuno yake kando ya maji ya watu wengine itajibu maswali ya kijiji kizima. Ikabaki Asomusiyo, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, tarehe 15 Agosti, ambayo mwaka ule iliangukia Ijumaa. Mke wangu alikuwa na misa alfajiri. Mama yake alikuwa na Sabato inayoanza jua likizama. Safari yetu ingebidi ipite katikati ya makanisa mawili, na dereva alionywa kwamba saa kumi na mbili jioni mama mkwe awe amekwishavua viatu nyumbani kwake.

Jioni za maandalizi zikawa mabaraza. Shangazi, aliyekulia Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, alileta habari za mamba. Kwao, alisema, mamba ni jambo la kila siku, na kama Rusizi inaunganisha maziwa haya mawili, nini kinamzuia mamba kupanda kuja Kivu? Kijana wetu wa sekondari akafungua daftari la jiografia. Kivu iko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika iko karibu mita 700 chini yake, na mto unateremka tofauti yote hiyo kwa mwendo wa kilomita zipatazo 120, kupitia makorongo, maporomoko na mabwawa ya umeme. Mamba hapandi ngazi hiyo. Tena zamani sana, akaongeza, maji ya Kivu yalikuwa yakielekea kaskazini, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia, ndipo ziwa likajaa na kutafuta tundu la kutokea huku kwetu kusini.

Angefunga daftari hapo tungelala kwa amani. Lakini mtoto akishapata wasikilizaji! Akaeleza kwamba vilindini mwa Kivu mmeyeyuka gesi: kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dioksidi na kama 60 za methani. Akataja Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo mwaka 1986 lilitoa gesi usiku mmoja na kuua watu wapatao 1,700. Mama mkwe akaweka chini kikombe cha uji. Shangazi akasema kwa kuridhika, "Mazuku," kwani jina hilo watu wa Goma wanalijua vizuri. Ndiyo ile hewa mbaya inayojikusanya mabondeni na kuangusha mbuzi na mchungaji wake. Kijana akajitahidi kurekebisha: gesi yenyewe iko chini sana, zaidi ya mita 250, imekandamizwa na uzito wa maji ya juu, na kule Karongi wanaivuta methani hiyo kuzalisha umeme. "Kwa hiyo taa hii," akauliza mama mkwe akiitazama balbu, "inaweza kuwa inawaka hiyo hiyo?" Ikakatwa shauri kwamba hakuna mtoto atakayeingia majini kupita magoti, na taa ikazimwa mapema.

La samaki lilimalizwa vibaya zaidi. Nusu ya orodha ya mlangoni ilikuwa imelipa nauli kwa sababu ya sambaza, wale samaki wadogo wa kukaanga. Shangazi hachoki kukumbusha kwamba ni ndagala wa kwao, waliotolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapandikizwa Kivu, na kwamba watu wa Kivu tangu siku hiyo wanakula deni. Hilo la kupandikizwa ni kweli. Lakini kila mwaka uvuvi Kivu husimamishwa kwa miezi kama miwili ili samaki wazaane, na kwa kawaida ni kipindi hicho cha Agosti na kuendelea. Nilikuwa nalijua hilo. Mke wangu alikuwa analijua pia. Hakuna aliyetaka kulisema mbele ya watu waliokwisha kutoa pesa.

Siku yenyewe ilianza vizuri kuliko tulivyostahili. Misa ikaisha, twegerane ikajaa, kreti la Fanta likawekwa chini ya miguu ya jirani kwa sharti kwamba chupa zote zirudi dukani. Baada ya Kamembe njia ikawa ya udongo, vumbi jekundu la kiangazi likaingia mpaka kwenye maharage. Halafu kona moja, na Kivu ikatokea yote kwa mara moja, na kisiwa cha Nkombo mbele yetu, na ndani ya gari kila mtu akanyamaza, hata Shangazi.

Ghuba ilikuwa kama ilivyosifiwa. Ila twegerane ya abiria 18 ikisimama juu ya kilima cha Nkanka haisimami kwa siri. Tulipofika majini, watoto wa kijiji walikuwa wamekwishafika, wamekaa safu kwenye majani, wametulia, wakingoja tuanze. Nyuma yao wakaja mama zao.

Hapo ndipo mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaandika kwenye orodha yalipojitokeza. La kwanza, mimi nilikuwa nimenunua kaptula ya kuogelea. Ilikuwa ndani ya mkoba, na mama mkwe alikuwa ameketi juu ya jiwe lililo karibu zaidi na maji. Wasomaji waliooa hawahitaji maelezo. Kaptula ilirudi Rwimbogo na bei yake bado imening'inia kwenye uzi.

La pili ni chakula. Kwetu mtu mzima hali mbele ya macho ya wapita njia. Mkubwa kutafuna hadharani ni aibu, na kutafuna mbele ya watoto wa wenyewe bila kuwapa ni aibu mara mbili. Tukawagawia watoto walichoweza kubeba, wakashukuru, wakaketi tena pale pale. Mama mkwe akasema hana njaa, na hilo likamaanisha kwamba hakuna mwenye njaa. Wali ukapoa. Mwishowe Shangazi, ambaye adabu anaijua lakini tumbo analijua zaidi, akachukua sufuria kichwani na kupanda nayo kilima. Tukamfuata. Tulikula Asomusiyo yetu ya ufukweni ndani ya twegerane, juani, vioo vimezibwa kwa vitenge, magoti yamegongana, tukipitishiana maharage gizani. Dereva, aliyefungiwa nje kwa kukosa nafasi, alikula akiwa ameegemea mkaratusi, mbele ya watu wote, bila shida yoyote.

Tuliporudi majini, mama mkwe alikaa kimya kidogo akiangalia Nkombo. Halafu akaniita. "Mkwe wangu, wewe na wanaume wenzako, tazameni kule kwenye muhogo." Tukageuka. Tukasikia viatu vikivuliwa, kisha maji yakipigwa kwa mikono inayojua kazi yake, kisha sauti ya mke wangu ikiita, "Mama! Mama, magoti!" Kumbe mama huyu alizaliwa upande wa ziwa kabla ya kuolewa huku kwenye milima, na utotoni alikuwa akiogelea kufuata mitumbwi. Haya niliambiwa baadaye. Mimi binafsi naweza kueleza vizuri sana lile shamba la muhogo: matuta, magugu, na mzee mwenye shamba aliyetoka kuuliza kwa upole kama tunataka kununua.

Alitoka majini saa kumi, na saa kumi ilikuwa saa mbaya. Chupa moja ya Fanta haikuonekana, jirani akakataa kupanda gari bila chupa, dereva akapiga honi, Shangazi akakumbuka sambaza. Mwanamke mmoja wa pale akamweleza kwamba ziwa limefungwa. Shangazi akanitazama. Akamtazama mke wangu. Toka Nkanka mpaka Rwimbogo alizungumza juu ya deni la Kivu na Tanganyika, na mara hii jina langu lilikuwa ndani ya deni hilo.

Mama mkwe alivua viatu mlangoni kwake jua likigusa milima ya Kongo, nywele bado mbichi chini ya kitambaa, akiimba. Usiku mke wangu alichukua kalenda ya simu, akaisogeza mpaka mwaka uliofuata, akanipa nione: Asomusiyo ingekuwa Jumamosi, yaani Sabato.

"Tutakwenda wawili tu," akaninong'oneza.

Shangazi, aliyekuwa amelala chumba cha pili kwa sababu ya kuchelewa gari la Bugarama, akauliza kupitia ukutani: "Wawili na nani?"